Tanga kwa baiskeli ya marehemu

Ijumaa

Basi limetushusha Kange jua limeshazama. Zamani mabasi yaliingia mpaka Ngamiani, ukishuka unanyoosha miguu mara umefika kwenu. Sasa stendi iko nje ya mji na lazima upande bajaji. Dereva wangu alikuwa kijana mchangamfu, akanieleza siasa za mkoa mzima kabla hatujafika Majani Mapana.

Nyumbani nimemkuta mtoto wa marehemu kaka yangu barazani, anasugua cheni ya baiskeli kwa mswaki mkukuu na mafuta ya taa. Ni Phoenix ya baba yake. Rangi nyeusi imebaki kwenye fremu tu. Madigadi yamepigwa rangi ya samawati, ile inayobaki watu wakishapaka mlango.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Hiyo kitu bado inatembea?"

"Inatembea. Na wewe nimekuazimia ya jirani, ya kike."

Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba likizo hii sitaki kukaa ndani kupokea wageni. Nataka tuzunguke mji kwa baiskeli, twende kote walikokuwa wakienda watu wetu waliotangulia: babu yake, bibi mzaa babu yake, na baba yake. Akauliza kwa nini baiskeli na si bodaboda, nikamwambia kwa sababu wao hawakupanda bodaboda.

Sababu yenyewe hasa ni ndefu kidogo. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Siku ya maziko ya kaka nilikuwa ndani na wenzangu, tukasikia jeneza linatolewa, sauti za wanaume zikashika njia, zikapungua, zikapotea. Huyu kijana wakati huo alikuwa darasa la kwanza. Alishikwa mkono na wajomba zake akaenda. Kwa hiyo yeye anajua baba yake alipolazwa, mimi nimeelekezwa tu kwa maneno. Lakini mimi najua baba yake alikokula kwa mkopo, aliyegombana naye, na uongo wake aliosema zaidi ya mara moja. Hayo hakuna aliyemwambia mtoto. Ameambiwa kwamba baba yake alikuwa mtu mwema sana, kama ambavyo kila marehemu wa mji huu alikuwa mtu mwema sana.

Jumamosi

Tumetoka baada ya chai, kabla jua halijakaza. Ngamiani wageni huishangaa kwa barabara zake zenye namba badala ya majina. Mtu anakwambia anakaa Barabara ya Kumi na Mbili, au ya Ishirini, na unafika bila kuuliza. Mji mzima ni tambarare, ndiyo maana baiskeli ilishika hapa kuliko miji mingi ya Tanzania. Bado zipo. Tumepishana na mama amejifunga kanga mbili na kapu la samaki kwenye karia, na mzee wa kanzu aliyekuwa anaendesha polepole mpaka nikajiuliza haanguki vipi. Ila bodaboda wameongezeka, na hawana subira na watu kama mzee yule.

Tulipofika kwenye reli nikashuka, nikainyanyua baiskeli nikaivusha kwa mikono. Kijana akacheka. Nikamwambia hivyo ndivyo babu yako alivyovuka reli hii maisha yake yote, kwa hofu kwamba rimu zitapinda. Hazikupinda za mtu yeyote Tanga nzima, lakini huwezi kumwambia Baba. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha ikafika mwaka 1929 Waingereza wakiwa ndio watawala. Kwa Baba yote hayo hayakuwa na maana kuliko rimu zake.

Alikuwa mpagazi wa bandarini. Tukaegesha baiskeli Bustani ya Jamhuri, karibu na mnara wa saa wa Wajerumani, pale bandari inapoonekana yote, na mbele yake kisiwa cha Toten chenye makaburi na magofu ya misikiti ya watu waliokaa huko kabla mji haujahamia bara. Nikamweleza kazi ilivyokuwa. Maji ya gatini yalikuwa mafupi, meli kubwa haikuweza kusogea; ilitia nanga huko katikati ya ghuba, na mzigo ukapelekwa kwa tishari. Robota moja la katani lina kilo 250. Linashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa mpaka melini, linapandishwa tena. Kazi mara mbili kwa mzigo mmoja. Mvua ikinyesha mnafunika turubai na kungoja, mawimbi yakizidi mnangoja. Baba alirudi jioni na nyuzi za katani zimemganda kwenye nywele za mikono, tukawa tunamchambua mmojammoja naye amelala kwenye mkeka anabishana na redio.

Hilo la kubishana nimelisisitiza kwa makusudi. Kwenye hitma yake walimsifu kwa upole. Baba hakuwa mpole hata siku moja. Alimbishia msomaji wa taarifa ya habari, akambishia imamu, akambishia daktari kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. Na ubishi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa huu: kila mwanasiasa aliyekuja akaahidi bandari itachimbwa, Baba alisema meli kubwa haitagusa gati la Tanga mpaka Kiama.

"Shangazi," kijana akasema, "si ile pale?"

Ilikuwa imefunga gatini, ubavu wake mwekundu kwa kutu chini na buluu juu, kreni zinashusha. Bandari imechimbwa, kina cha gatini sasa ni mita 13, magati mawili yana mita 450. Nilikuwa nimesoma habari hizo gazetini na hazikunigusa. Kuiona ni kitu kingine. Nilisimama pale nikawa natafuta Baba angesemaje, maana asingekubali kushindwa kirahisi. Nadhani angesema hiyo si meli kubwa.

Kijana anasema babu yake sasa anampenda zaidi. Alikuwa anamwogopa kwenye picha, ile ya ukutani amevaa koti.

Tumerudi kwa kupitia sokoni, nimenunua machungwa ya Muheza. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na kiti cha baiskeli ya jirani kimenifundisha adabu.

Jumapili

Leo siku ya kaka.

Tumeanzia Mkwakwani, nje ya uwanja. Kaka alikuwa Coastal Union damu. Katika mji wenye Coastal na African Sports mtoto anachaguliwa upande kabla ya kutahiriwa, na Baba alikuwa Sports, kwa hiyo unaweza kukisia nyumba yetu ilivyokuwa siku ya mechi. Mwaka 1988, msimu ambao Coastal walitwaa ubingwa wa Tanzania, kaka alikuwa kijana mdogo asiye na hela. Bibi alikuwa na jogoo mwekundu, mkali, anayelinda ua kuliko mbwa. Asubuhi moja jogoo hakuonekana. Bibi akalaani kicheche, akalaani majirani, akamtuma kaka akamtafute, naye akaondoka kumtafuta na akarudi magharibi, sauti imemkauka kwa kushangilia.

"Aliuza jogoo wa Bibi?"

"Akaingia mpirani. Na hela iliyobaki akanunua mihogo ya kuchoma, akaniletea kipande ili nisiseme."

"Na hukusema."

"Nimesema leo."

Kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akanyamaza, akaniuliza kama kuna mengine. Yapo mengi tu, nikamwambia, panda baiskeli.

Tukashika Barabara ya Hospitali. Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote Tanga na sitaki ubishi: miti imefunika, upepo wa bahari unakuja kwa mkono wa kushoto, nyumba za zamani zina varanda pana. Tukapita Bombo, lile jengo la Wajerumani linalokaa juu ya jabali likitazama maji. Bibi alifia humo, kwa uzee, akiwa anamwelekeza muuguzi namna ya kutandika shuka. Hatukusimama. Yeye mwenyewe hakupapenda.

Raskazone tukaingia mpaka ufukweni. Hapa ndipo majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka India, yaliposhukia Novemba 1914 kuja kuuteka mji. Walikuwa takribani 8,000, na waliowangoja, askari wa Kiafrika na maofisa wa Kijerumani wa von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu. Wakashindwa vibaya, wakarudi melini na kuacha bunduki na risasi nyingi nyuma yao. Katika vurugu ya risasi mizinga ya nyuki ilivurugwa, nyuki wakawashambulia watu, ndiyo maana wengine wanaviita vita vya nyuki. Kaka hakukubali maelezo hayo ya risasi. Aliapa kwamba nyuki wale walitumwa, na kwamba alimjua mjukuu wa aliyewatuma, anakaa Makorora. Ukimwuliza jina anakwambia mambo mengine hayatajwi jioni. Watu wa Tanga tunasingiziwa uchawi kila mahali. Kaka aliusambaza mwenyewe, bure, kwa furaha.

"Mama aliniambia baba alikuwa anaogelea kutoka hapa mpaka Toten," kijana akasema.

"Mama yako aliambiwa na nani?"

"Na baba."

Basi nikamwonyesha kaka alivyoogelea. Alikuwa anaingia mpaka maji yanafika kifuani, anainama, anapiga mikono kwa nguvu sana, miguu ikiwa imekanyaga mchanga. Kwa mtu aliye nchi kavu ilionekana kweli anakwenda. Wasichana walioamini ni wengi, na mmoja ameolewa naye. Kijana aliyatazama maji muda mrefu. Akasema naye hajui kuogelea, na siku zote aliona aibu kwamba hakumrithi baba yake.

Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Tumelala.

Jumanne

Tongoni. Ni kilomita kama 20 kwa barabara ya Pangani, iliyokuwa ya vumbi miaka yote ya utoto wangu. Watu wa nyumbani walisema nimechanganyikiwa, umri wangu na baiskeli ya kuazima. Tumeondoka giza halijatoka vizuri. Minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo, watoto wanaokwenda shule wakitushindisha mbio na kutushinda. Kwenye mteremko mmoja breki ya nyuma ya Phoenix iligoma kabisa, kijana akasimamisha kwa soli ya kandambili. Tangu hapo nikamwamuru atangulie polepole.

Bibi alikuwa mtu wa upande huu. Alitufundisha kusuka ukili na hakuna hata mmoja wetu aliyemridhisha. Alifumua kazi yako mbele yako, akakurudishia miyaa, akaendelea na mazungumzo. Sijawahi kumsikia akisema "vizuri" kwa mtu aliye hai. Alituleta hapa magofuni tukiwa wadogo kwa sababu alisema hawa nao ni wazee wake, na mtu hasahau wazee kwa kuwa tu hajui majina yao.

Magofu yako karibu na maji, nyuma yake mikoko. Msikiti umebaki kuta na kibla. Mawe ni ya matumbawe na chokaa, ukipapasa ukuta unaona umbo la matumbawe waziwazi, vijitundu vya nyota vilivyoumbwa baharini. Wataalamu wanaurudisha mji huu karne ya 14 na ya 15. Kinachowaleta watu ni makaburi: zaidi ya 20 yana nguzo, au yalikuwa nazo, maana nyingi zimeanguka na zimelala vipandevipande kwenye nyasi. Kwenye nguzo kulipachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Mabakuli yameshang'olewa, zimebaki duara za shimo. Kijana aliingiza mkono kwenye duara moja, vidole vikajaa sawasawa. Akauliza alizikwa nani. Mlinzi akasema watu wakubwa. Akauliza wakubwa kwa lipi. Mlinzi akacheka, akasema hilo na yeye angependa kulijua.

Hapo nilimwelewa Bibi kwa upande mwingine. Hawa walijengewa nguzo zinazoonekana na mwenye chombo akiwa bado baharini, wakatiwa kauri za thamani, na leo hatujui kama walikuwa wachoyo au wakarimu, kama waliuza majogoo ya watu. Nguzo haisemi. Nilimwambia kijana, akanijibu kitu ambacho sikukitarajia: kwamba huenda hata wakati ule walisimuliwa kama watu wema sana, basi hakukuwa na cha kukumbuka.

Tulikula mihogo tuliyobeba, tukanywa madafu barabarani, tukarudi. Upepo ulikuwa wa mbele njia nzima. Kuhusu safari ya kurudi sina la kuandika isipokuwa kwamba nilishuka na kukokota mara nyingi kuliko nilivyomruhusu kijana kuwasimulia watu wa nyumbani.

Jumatano

Asubuhi ilikuwa zamu yake kuongoza. Wapo wanaokataza mwanamke kuingia makaburini na wapo wanaoruhusu. Mimi nilijistiri vizuri, nikatoa salamu, nikaingia nyuma yake. Hakusitasita. Alipita katikati ya makaburi kwa njia aliyoizoea, akiinua miguu penye miiba bila kutazama chini, akasimama.

"Huyu hapa. Kichwa kiko huku."

Kibao cha bati, maandishi ya rangi nyeupe yameliwa na kutu, nusu ya tarehe imekwenda. Akanionyesha aliyelala kulia, fundi cherehani wa mtaa wa pili, na wa kushoto, mtoto mchanga. Akasema kila sikukuu ya Idi anakuja, anang'oa majani, anakaa kidogo, na siku zote hakuwa na la kumwambia. Tukaomba dua. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, habari ya jogoo," na nikashindwa kujizuia, nikacheka makaburini, mwanamke mzima.

Kutoka hapo tukapeleka Phoenix kwa fundi. Ni mzee, anakaa chini ya mkungu, ametandaza spoki na nati kwenye gunia, na beseni la maji ya kutafutia pancha. Aliitazama baiskeli kabla hajatutazama sisi.

"Shikamoo Mzee," tukasema.

"Marahaba. Hii naijua. Mwenyewe alikuwa nani yako?"

"Baba yangu," kijana akajibu.

"Ana deni langu."

Mtoto alibadilika uso. Kwetu deni la marehemu si jambo la mzaha. Siku ya maziko hutangazwa mbele ya watu kwamba mwenye kumdai ajitokeze.

"Tairi la nyuma," mzee akaendelea. "Elfu nne ya wakati ule. Alisema ataleta Ijumaa."

"Mbona hukusema walipotangaza?" nikauliza.

"Nilikuwepo, mwanangu. Nilisikia. Nikaona nikidai pale nitaonekana sina haya, nikasamehe palepale moyoni. Elfu nne nimesamehe. Ijumaa ndiyo sikusamehe. Nilimngoja mpaka magharibi, sikwenda hata harusi ya jirani. Alikuwa muongo yule! Lakini akikaa hapa hutaki aondoke."

Kijana alikuwa ameshatoa noti ya elfu kumi, anaisukuma kwa mikono miwili. Mzee akakataa. Kijana akasema thamani ya pesa imeshuka, tairi la siku hizi si la elfu nne. Mzee akamuuliza ana nia ya kumlisha riba uzeeni? Deni ni elfu nne, na akipokea atapokea elfu nne, na chenji hana. Wakabishana hivyo, hakuna anayerudi nyuma, mpaka nikamwona Baba waziwazi kwenye kidevu cha mjukuu wake.

Mwisho mzee akaichukua noti, akaikunja, akaitia chini ya kofia.

"Elfu nne ya baba yako. Sita iliyobaki ni raba mbili za breki na grisi, maana hii ya nyuma itakuua. Geuza baiskeli. Na mpe shangazi yako kile kigoda, kazi hii haiishi sasa hivi."